Wanakarate na wenzenu wote: Desemba mnaivukaje? Mbona Januari dojo, ukumbi wa mazoezi, hubaki nusu?

#1 Mkanda Kahawia
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Kila mwaka naona kitu kilekile. Novemba dojo inajaa mpaka mstari wa nyuma unagonga viwiko ukutani. Mwisho wa mwezi tunafanya mtihani wa mikanda, watu wanavaa rangi mpya, wanapiga picha. Ikipita tarehe 9 Desemba mapengo yanaanza. Krismasi, Boxing Day, Mwaka Mpya, na wenye ndugu Unguja wanajiongezea Mapinduzi tarehe 12 Januari. Tukikusanyika tena nusu hawapo, na waliopo wanahema kabla hata kihon, mazoezi ya msingi, haijaisha.

Mimi ni wa karate ya mtindo wa Goju, naishi Dar, kwetu Kibosho. Dai langu ni hili: msisingizie pilau. Kinachotumaliza ni mtihani kuwekwa mwisho wa Novemba. Mtu akishapata mkanda hana tena anachokifukuzia.

Nipingeni. Na nyie mnaopanda kijijini, mnafanyaje? Ila sitaki ushauri wa "kula kwa kiasi". Ukimwambia shangazi yangu unakula kwa kiasi anaita watu wa maombi.

#2 Kiatu Kimoja
Naweka kambi hapa. Ila mangi, tiketi umeshakata? Usije ukaanza kulia stendi ya Mbezi tarehe 23.

#3 Fundi Viungo
Nafanya kazi ya kuwachua na kuwarudisha wanamichezo walioumia, kwa hiyo nitaongea upande wa mwili tu.

Ukiacha mazoezi kabisa, cha kwanza kushuka ni pumzi. Ndani ya wiki mbili hivi maji ya damu yanapungua mwilini, moyo unasukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo, na ile kazi uliyokuwa unaifanya huku unapiga soga inakufanya uheme. Nguvu za misuli zinakaa zaidi, hata mwezi hazijashuka sana. Ndiyo maana Januari ngumi ya kwanza inatoka nzuri, ya kumi inatoka na roho.

Habari njema ni kwamba kuzuia hilo hakuhitaji mazoezi mengi. Mmarekani mmoja, Hickson, alilifanyia kazi miaka ya 1980: watu waliokuwa wakifanya mazoezi siku sita kwa wiki walipunguziwa hadi siku mbili, na uwezo wa pumzi ulibaki palepale kwa wiki nyingi, mradi ukali wa mazoezi haukupunguzwa. Punguza siku na ukali uuache. Watu wengi hufanya kinyume: kila asubuhi wanatembea tembea kwenye migomba, wanasema wako kwenye mazoezi.

#4 Mtoto wa Manzese
Nyie wenye mikanda mna raha. Njooni kwenye ngumi. Mapambano ya Boxing Day ni tarehe 26, maana yake kupima uzito ni tarehe 25. Wenzako wanachinja mbuzi, wewe unatema mate kwenye kopo ili ufike kilo. Krismasi yangu mimi ni kipande cha chungwa na kusubiri mzani.

Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada, ila dawa yake ni kuweka pambano au mashindano katikati ya Januari. Hutamwona mtu akipotea.

#5 Mama Pacha
Nawasoma, nacheka. Mnajadili pumzi na mikanda, hakuna hata mmoja aliyemtaja dada wa kazi.

Mimi ni mkanda wa kijani, mtindo wa Shotokan. Dada akiondoka tarehe 20 kwenda kwao Krismasi, anasema narudi tarehe 3. Simu inapatikana mpaka tarehe 2. Baada ya hapo haipatikani. Januari natafuta mwingine, watoto wanafungua shule, na dojo inaanza saa kumi na mbili jioni, saa ambayo niko jikoni. Sensei anadhani nimekata tamaa kwa sababu ya kata mpya, ule mpangilio wa mapigo wa kukariri. Kata naijua. Mtu wa kumwachia pacha ndiye sina.

Mkitaka kujua kwa nini wanawake hawarudi Januari, anzieni hapo.

#6 Kiatu Kimoja
#5 umemaliza. Ila "simu inapatikana mpaka tarehe 2" hapo nimelia kabisa, wa kwetu naye ni vilevile.

#7 Mzee wa Sanchin
Vijana, shikamooni hamjatoa, lakini marahaba.

Tatizo mmechukua ngumi na teke mkaacha kalenda. Wajapani mwaka hauwaishii hivihivi. Desemba wanafanya osoji, dojo inasafishwa sakafu hadi dari, na mwenye mkanda mweusi anashika tambara kama wengine. Halafu Januari kuna kangeiko, mazoezi ya kwenye baridi kali, alfajiri, siku kadhaa mfululizo. Na kuna kagami biraki, sherehe ya kufungua mwaka, ambayo karate imeirithi kutoka Okinawa. Watu wanafanya mazoezi, kisha wanakula pamoja. Mtu anajua kabisa kwamba Januari asipoonekana siku ile, kiti chake kitauliza.

Hapa kwetu tunamaliza mwaka kwa kuulizana "tunafungua lini?" na hakuna anayejua. Mwanafunzi ataogopa kukosa kitu gani?

Miyagi, mwanzilishi wa Goju, alisema karate ni kama maji ya moto, usipoyachochea yanarudi baridi. Basi.

#8 Judoka Likoni
Mzee wangu wa #7, kwa heshima zote, mawili nayarekebisha.

Kwanza kagami biraki kwenye dojo haikutoka Okinawa. Ni Kodokan, shule mama ya judo, Tokyo, aliyeianzisha ni Kano Jigoro mwaka 1884, miaka miwili baada ya kufungua Kodokan yenyewe. Desturi ya kuvunja mochi, keki ya mchele, ni ya kale zaidi, ya nyumba za samurai, lakini kuileta kwenye mazoezi ni kazi ya Kano. Karate wameifuata baadaye.

Pili, maji ya moto si ya Miyagi. Ni Funakoshi, mwanzilishi wa Shotokan, ya 11 katika zile kanuni zake 20.

Sasa kwa mleta mada: huku Mombasa kisa chetu ni kinyume na chenu. Nyinyi watu wa bara mwaondoka, sisi twapokea. Desemba ndio msimu wa mahoteli. Nusu ya vijana wetu wa judo ni walinzi, waokoaji wa baharini, wahudumu. Hapana likizo, kuna zamu mbili. Hawaji mazoezini kwa sababu wafanya kazi hadi Januari ipoe. Kwa hivyo hiyo hoja ya mkanda mpya kwetu haishiki.

#9 Mzee wa Sanchin
#8 kijana, Miyagi alikufa 1953 na Funakoshi 1957, waliishi zama moja. Misemo ilikuwa inazunguka.

#10 Mama Pacha
Hahaha. Goju mnachukua mpaka misemo ya Shotokan. Rudisheni.

#11 Kiberenge
Mimi niulize kitu cha nje kidogo. Ni kweli mtu mwenye mkanda mweusi lazima mikono yake isajiliwe polisi? Kuna binamu yangu kila Krismasi akishakunywa anatangaza kwamba mikono yake imesajiliwa.

#12 Wakili wa Kijiweni
#11 mwambie binamu akuonyeshe cheti.

Hakuna sheria Tanzania inayosajili mikono ya mtu. Iliyopo ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18: una haki ya kujilinda na kulinda mali, wako au wa mwenzako, lakini nguvu unayotumia iwe ya kiasi kinachostahili hali ile. Mkanda wako hauandikwi popote katika kifungu. Ila fikiria hakimu anasikia umefundishwa miaka kumi jinsi ya kudhibiti ngumi, na umemvunja taya mlevi aliyekuwa anayumba. Utaelezaje kwamba ndicho kiasi kilichostahili?

Nalisema hili kwa sababu ugomvi wa sikukuu una sura yake. Hauanzi na jambazi. Unaanza na ndugu, mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), na chupa ya nne.

#13 Mkanda Kahawia
#12 umenigusa. Kwetu kila mwaka kuna mjomba mmoja lazima aseme "hebu nionyeshe hiyo karate, nipige hapa". Anafunua tumbo mbele ya watu. Ukikataa, hujui kitu. Ukipiga, umempiga mkubwa wako. Wenzangu mnatokaje hapo?

#14 Mtoto wa Manzese
Mwambie alete milioni mbili na refa.

#15 Binti Mkunazini
#13 mimi humpa yeye zamu. "Mjomba, nikamate mkono nguvu zako zote." Akishika, nachomoa mkono wangu taratibu upande wa kidole gumba chake, hapana maumivu, watu wanacheka, yeye mwenyewe anataka kufundishwa. Watoto wote wanapanga foleni. Hapo mazoezi ya siku yamepatikana.

Kuhusu mada yenyewe: Zanzibar swali hili sisi hatujiulizi Desemba, twajiuliza Ramadhani. Na tafauti ni kwamba Ramadhani klabu haifungwi, ratiba ndiyo inayohama. Watu wanafuturu, wanasali tarawehe, kisha mazoezi usiku, mepesi kidogo, kata na mbinu zaidi kuliko kupambana. Mwezi mzima mtu amebanwa kula, amebanwa kulala, lakini Idi ikipita watu wapo. Nyinyi wiki tatu za kula mnapotezana.

Kwa hiyo mimi naona si mwili wala mkanda. Dojo ikifungwa mlango, mtu anapata pahala pengine pa kwenda saa ile. Akishazoea, basi.

#16 Kiberenge
#15 na ikigongana je? Ramadhani na Krismasi pamoja?

#17 Binti Mkunazini
Subiri 2030. Mwezi wa mwandamo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo mwaka huo Ramadhani itaingia Januari na nyingine itaingia tena mwisho wa Desemba. Hapo mtakuja kutuuliza ratiba.

#18 Mbeba Boksi
Niko Ujerumani, natia neno moja kwenye hoja ya #15 ya mlango.

Huku klabu nyingi za judo na karate hazina jengo lao. Zinatumia kumbi za michezo za shule, mali ya manispaa. Shule zikifunga kwa Krismasi, ukumbi unafungwa, mpaka baada ya tarehe 6 Januari huoni mtu. Nilikuwa nadhani ni shida ya Wazungu na baridi yao, kumbe nikikumbuka Dar ni hivyohivyo: dojo ngapi ziko kwenye madarasa na kumbi za shule? Mwalimu mkuu akifunga shule mwanzoni mwa Desemba anaondoka na ufunguo. Mlinzi hataki lawama. Hapo sensei afanye nini, afundishe barabarani?

Nasema hivi kwa sababu naona mnawalaumu wanafunzi na walimu, kumbe ni kitasa.

#19 Mzee wa Sanchin
#18 visingizio hivyo. Karate ya Dar yenyewe imekulia shuleni. Dojo ya Hekalu la Kujilinda, miaka ya 1970, Nantambu Camara Bomani alipoleta Goju kutoka Marekani, ilikuwa shule ya msingi Zanaki. Shule! Na watu walitoka hapo wakiwa walimu wa nchi nzima. Ukumbi ukifungwa kuna ufukwe, mchanga wa Coco ni bure. Kufanya sanchin, kata ya Goju ya kusimama imara na kupumua, kwenye mchanga wenye maji kutakueleza miguu yako ina nini.

#20 Mbeba Boksi
Mzee, ufukwe wa Coco tarehe 25 Desemba? Ule ule ninaoujua mimi? Utafanyia sanchin juu ya sahani ya mihogo ya nani?

#21 Kiatu Kimoja
😂😂 Watoto elfu, boya za magari, muziki wa kila upande, na mzee katikati anapumua ibuki, ile pumzi ya kunguruma.

#22 Hesabu Zangu
Mnazunguka sana. Ni pesa.

Desemba: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, mchango wa ng'ombe wa ukoo, nguo za watoto, zawadi ya bibi. Januari: ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba maana mwenye nyumba anataka miezi sita. Baada ya hapo kuna mtu anakuambia ada ya dojo ya mwezi, ada ya uanachama ya mwaka mpya, na gi (vazi la mazoezi) ya mtoto imekuwa fupi. Mtu hasemi hana hela. Anasema goti linamsumbua. Angalieni, magoti yote yanapona mwisho wa Februari.

#23 Fundi Viungo
#22 naweza kuthibitisha hilo la magoti. Huwa hawaji kwangu pia.

#24 Wakili wa Kijiweni
#22 ada ipi? Shule za serikali hazina ada tangu 2016 mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita.

#25 Hesabu Zangu
#24 mkuu una watoto? Mchango wa chakula, mlinzi, mitihani ya majaribio, dawati. Jina limebadilika, hela inatoka mfukoni uleule.

#26 Mangi Mdogo
Mleta mada jirani yangu, mimi Machame. Mimi huwa napanda tarehe 20 narudi tarehe 4, na nikirudi nina pumzi kuliko wote. Siri ni mlima. Hewa nyepesi. Wakimbiaji wa Kenya wanakwenda Iten kwa nini?

#27 Fundi Viungo
#26 pole pole. Iten iko kama mita 2,400. Vijiji vyetu vingi vya Uchagani viko kati ya mita 1,200 na 1,700. Faida ya damu inayotafutwa na wale wakimbiaji inaanza kuonekana kuanzia mita 2,000 na kitu, na wanakaa wiki tatu nne, siyo siku mbili za kuchinja na moja ya kulala. Kinachokusaidia ni miteremko. Kila ukitumwa dukani unapanda kilima. Hilo ni zoezi kali hata ungekuwa Lushoto au Tukuyu.

#28 Mangi Mdogo
Fundi, sayansi naiheshimu, lakini hujapanda kutoka mtoni na ndoo.

#29 Mama Pacha
#28 na wewe umepanda na ndoo lini? Huko kwenu ndoo wanapanda nazo dada zako.

#30 Mangi Mdogo
Tuendelee na mada jamani.

#31 Judoka Likoni
Ile ya #4 ya kuweka mashindano Januari, mimi nina shaka nayo. Anayeshindana ni nani? Kwenye klabu ya watu arobaini, wanaoingia mashindanoni ni wanane. Wale wanane hawapotei hata bila mashindano, ndio wenye uchu. Mfano Andrew Mlugu wa kwenu aliyekwenda Paris 2024 kwenye judo, huyo hahitaji kuambiwa Krismasi ina keki. Anayepotea ni yule wa mstari wa tatu, amekuja kwa sababu daktari alimwambia presha imepanda, au mtoto wake ndiye aliyemleta. Ukimwekea mashindano ndio atakimbia zaidi.

#32 Mtoto wa Manzese
#31 basi muwekeeni huyo mchezo wa kirafiki. Mimi nazungumzia kuwa na tarehe. Mtu mwenye tarehe anajipanga hata akiwa msibani.

#33 Mkanda Kahawia
Nimesoma zote. #8 mahoteli, #15 mlango, #22 pesa, #5 dada wa kazi, zote zina ukweli wake, lakini bado naona zinaeleza kwa nini watu wanachelewa, hazielezi kwa nini hawarudi kabisa. Mwenye zamu mbili hotelini Februari anarudi, #8 mwenyewe amesema mpaka Januari ipoe. Yule wa mkanda mpya harudi hata Mei. Mkanda ameshapata, ameupiga picha, umekaa kabatini.

#34 Mzee wa Sanchin
Au anaona aibu. Ameondoka na mkanda wa bluu, amerudi na kitambi, na mkanda wa njano anamfunga kwenye kumite, kupambana, mbele ya watu. Nimeliona mara nyingi kuliko hayo mengine yote. Wenye mikanda ya juu ndio wanaotoroka zaidi, mweupe hana cha kupoteza.

Mimi wiki ya kwanza ya Januari simpambanishi mtu yeyote. Sanchin, viungo, na kufagia. Wote tunahema pamoja, hakuna wa kumcheka mwenzake.

#35 Kiberenge
Mzee hii ndiyo comment bora ya uzi. Ila binamu yangu wa mikono iliyosajiliwa nikimwambia kuna kufagia hatakuja.

#36 Mangi Mdogo
Mkanda Kahawia, tarehe 27 uko Kibosho? Kuna uwanja wa shule karibu na barabara ya kwetu, mlinzi ni mtu wa ukoo. Saa moja asubuhi, ukali kama alivyosema Fundi, tunamaliza kabla jua halijawaka. Mbege baadaye.

#37 Mkanda Kahawia
Nipo. Nakuja na wadogo zangu wawili, mmoja anacheza taekwondo. Saa moja kwa saa za Uchagani au saa moja yenyewe?

#38 Mama Pacha
Mimi nitakuwa Marangu kwa wakwe. Mkisema saa tatu nakuja, saa moja niko kwenye mtori. Na pacha nakuja nao.

#39 Mangi Mdogo
Saa tatu basi. Waje, kuna nyasi za kutosha. Nani ana pedi za kupigia? Mimi nina jozi moja, na ya kushoto imechanika.